Hizo kuvu zinauzwa wapi?

Swali hilo naulizwa kila ninaposhuka na vifuko vyangu vya udongo kutoka Walungu au Kabare, milimani karibu na Bukavu, mashariki mwa Kongo. "Agronomu, hizo kuvu zako zinauzwa wapi?" Jibu langu huwaudhi wengi: mama, tayari unazo shambani.

Kazi yangu ni kuchunguza kuvu zinazoishi ndani ya mizizi bila kuiozesha. Udongo mwekundu wa milima yetu una chuma na alumini nyingi, na madini hayo huishika fosfora, chakula ambacho kila mmea unakihitaji, isiachie. Mzizi wa muhogo humaliza haraka fosfora iliyo karibu nao, kiasi cha milimita chache tu, kisha hubaki na njaa. Hapo ndipo nyuzi za kuvu, nyembamba kuliko unywele, hutoka kwenye mzizi zikaenda sentimita kadhaa mbali na kurudi na chakula. Mmea nao hulipa kwa sukari na mafuta.

Kinachonishangaza mpaka leo ni jinsi mmea na kuvu wanavyoitana. Mzizi wenye njaa ya fosfora hutoa kemikali iitwayo strigolaktoni. Kemikali za aina hii zilijulikana tangu 1966, lakini kama kengele inayoamsha mbegu za kiduha, lile gugu linalonyonya mahindi na mtama. Kwa nini mmea umwite adui wake? Mwaka 2005 watafiti wa Japani walionyesha kwamba kemikali hiyohiyo huzifanya nyuzi za kuvu zitawanye matawi karibu na mzizi. Mmea ulikuwa unamwita rafiki. Kiduha kilijifunza kudukiza.

Kuziona si kazi ya maabara ya kifahari. Mizizi huchemshwa kwenye maji ya potasi kali mpaka iwe nyeupe, kisha hutiwa rangi. Tangu 1998 inajulikana kwamba wino wa kalamu na siki ya jikoni vinatosha, na vyote viwili napata hapa hapa Bukavu. Chini ya darubini utaona vichaka vidogo vya bluu vimejaa ndani ya seli. (Umeme ukikatika, darubini ya kioo hugeuzwa dirishani na kazi inaendelea.)

Sasa, kwa nini nawakatisha tamaa wanaotafuta pakiti za kuvu? Kwa sababu kuvu zilizoletwa kutoka mbali hukuta kuvu wenyeji wameshajaza mizizi, na mara nyingi hazidumu. Afadhali kuwatunza wenyeji. Kulima kwa kina kila msimu hukatakata nyuzi, na shamba kuachwa tupu huzinyima mmea wa kuutegemea. Muhogo, mahindi na maharagi vyote huzipokea. Kabeji haizipokei kabisa, kwa hiyo shamba la kabeji misimu mfululizo huzipunguza. Na ukimwaga mbolea nyingi ya fosfora, mmea wenyewe huacha kuzilisha, maana hauzihitaji tena.

Lakini wenzangu wanaohubiri kwamba kuvu ni badala ya mbolea, hao siwafuati. Kuvu haiumbi fosfora. Huichota tu ilipo. Kila gunia la muhogo linaloshuka sokoni Kadutu limeondoka na sehemu yake, na kama hakuna samadi wala mbolea kidogo inayorudi mlimani, kuvu nzuri zitakusaidia tu kuufilisi udongo vizuri zaidi.

Kuna pakiti moja ambayo nashauri inunuliwe: ile ya bakteria wa soya, wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi na kuulisha mmea nitrojeni ya hewani. Soya ilitoka Asia, na udongo ambao haujawahi kuipanda unaweza kukosa bakteria wanaoifaa. Pakiti isikae juani, na mbegu zipakwe siku ileile ya kupanda. Soya ikitoa maua, chimba mimea michache polepole, upasue vile vinundu vya mizizini kwa kucha. Vikiwa vyekundu ndani, vinafanya kazi. Vikiwa vya kijani au vyeupe, au visipokuwepo, rudi kwa aliyekuuzia umuulize pakiti ilihifadhiwa wapi.