Siki, uoga na uongo tunaoambizana kuhusu kupima mlango wa kizazi

Wifi yangu kakaa miaka mitatu anasema atapima keshokutwa, kila nikimkumbusha ana sababu mpya, sa nimeamua niziandike maana nazisikia kila mahali, saluni, kwenye vikoba, hadi kwa wenye digrii zao.

"Siumwi popote, nikapime nini?" Hii ndo mbaya kuliko zote. Seli zikianza kubadilika hapo mlangoni haziumi hata kidogo, na kwa mwenye kinga nzuri inaweza kupita miaka 15 hadi 20 ndo iwe saratani, kwa mwenye VVU ambaye hajaanza dawa ni 5 hadi 10. Ukisubiri mpaka utoke damu baada ya tendo, mara nyingi ushachelewa.

"Mwili unajitibu wenyewe." Hapa kuna ukweli nusu, ndo maana inachanganya watu. Kila seli inapata hitilafu maelfu kwa siku kwenye DNA, yani yale maelekezo ya urithi yanayoiongoza, na inazikarabati yenyewe, protini zinapita kama fundi cherehani, zinakata palipooza, zinatia kiraka, zinashona, na wanasayansi Lindahl, Modrich na Sancar walipewa Nobel ya kemia 2015 kwa kutuonyesha kazi hiyo inavyofanyika. Pakishindikana kushonwa kuna protini inaitwa p53 inaiambia seli basi, jimalize. Na HPV yenyewe, kile kirusi cha kwenye tendo kinacholeta saratani hii, wengi tunaipata halafu kinga inaifukuza ndani ya miaka miwili hivi. Shida ni ile inayogoma kutoka, hasa aina ya 16 na 18, ina protini yake inayoivunjavunja hiyohiyo p53, yani mwizi kaanza na mlinzi! Seli mbovu inagawanyika na hakuna wa kuizuia, hapo utakunywa mwarobaini mpaka ukome.

"Ukipima unauamsha." Hapana, ushaamka siku nyingi au haupo.

"Ugonjwa wa malaya." Mwanaume mmoja anatosha, hata wa ndoa.

"Wanakata nyama." Jamani! Nesi anapaka asidi ya asetiki, ndo hiyohiyo iliyomo kwenye siki ya chipsi, anasubiri kama dakika moja, anamulika. Pakigeuka peupe huenda kuna seli zilizobadilika, na pakiwa padogo anaweza kupachoma kwa joto au kupagandisha siku hiyohiyo, hakuna kulazwa. Unatoka majimaji wiki kadhaa, unavaa pedi, na seli nzima za pembeni zinaota kufunika pale palipochomwa, hapo sasa ndo mwili unajitibu kweli, maana kibovu kishaondolewa.

Wifi mwezi uliopita kaenda, kaishika khanga mpaka vidole vimekauka, kakutwa na weupe kidogo, kachomwa, tukarudi na daladala. Sasa kibarua ni kaka yangu, kaambiwa hakuna tendo wiki nne, anauliza kwani Kwaresima imerudi.