Mchakato uliodhibitiwa si lazima uwe mzuri

Ukikaa na watu wa viwanda vya unga hapa Nakuru, chai haitapoa kabla hujasikia: "Laini yetu imedhibitiwa, pakiti zote zimepita." Hayo ni mambo mawili yasiyo na undugu wowote, na nimechoka kuona yakiozeshwa kwa nguvu.

Kudhibiti mchakato ni kupima kazi inapoendelea, kulinganisha kipimo na kinachotarajiwa, kisha kuingilia pale tu panapokuwa na sababu. Watu hushika kupima na kuingilia. Sharti la mwisho hulisahau.

Tuseme mashine inajaza pakiti za kilo 2. Hakuna mashine inayotoa gramu 2,000 kamili kila mara. Hii itatoka na 2,004, inayofuata 1,997, nyingine 2,001. Kuyumba huko ni tabia ya mashine yenyewe na unga wake. Mwaka 1924 Walter Shewhart, akiwa kampuni ya Western Electric huko Marekani, alichora chati ya kutenganisha kuyumba kwa kawaida na kuyumba kunakoletwa na chanzo mahususi, kama skrubu iliyolegea au unga ulioingia na unyevu. Mipaka ya chati, juu na chini ya wastani, huwekwa umbali wa mara tatu ya mtawanyiko wa kawaida, yaani kipimo cha jinsi vipimo vinavyotawanyika kuzunguka wastani. Mashine ikiwa imetulia, vipimo kama 3 tu katika 1,000 ndivyo huangukia nje.

Sasa, mipaka hiyo inatoka wapi? Kwenye mashine. Haitoki KEBS, shirika la viwango la Kenya, haitoki kwa mteja, na meneja haipangi kikaoni. Mteja ana mpaka wake: amelipia kilo 2, anataka kilo 2. Ndiyo maana mashine inaweza kutoa wastani wa gramu 1,985 asubuhi, mchana na usiku bila wastani huo kusogea, ikawa imedhibitiwa barabara na bado inampunja mnunuzi. Kinyume chake pia hutokea: pakiti zote za leo zimepita mizani, lakini chati inaonyesha wastani ukishuka saa baada ya saa. Hiyo haijadhibitiwa. Ina bahati, na bahati yenyewe huenda isifike shifti ya usiku.

Anayeniudhi zaidi (Mungu anisamehe, maana ni mchapakazi) ni yule opareta asiyetoa mkono kwenye skrubu ya kurekebishia uzito. Pakiti ikipungua gramu 4, anaongeza 4. Inayofuata ikizidi 3, anapunguza 3. Msimamizi anapita, anamsifu. Kumbe kama mashine ilikuwa imetulia, kufidia kila kosa namna hiyo hupanua mtawanyiko wa uzito kwa takriban asilimia 40. Angeitia mikono mfukoni, pakiti zingekaribiana zaidi. W. Edwards Deming, aliyewafundisha Wajapani elimu hii ya chati mwaka 1950, alilipigia kelele jambo hilo miaka mingi. Skrubu zetu bado zinazungushwa.

Kwa hiyo, ndugu msimamizi, ripoti yako ya shifti ikisema "pakiti zote zimefikia uzito", imesema kweli na inatosha. "Imedhibitiwa" iandike ukishakuwa na chati pale kando ya mizani, na opareta anayeisoma kabla ya kushika skrubu.