Flaiwili ya Kipande Kimoja au ya Vipande Viwili: Yanayosemwa Gereji na Ukweli Wake

Katika gereji za Unga Limited jijini Arusha, na vilevile kwa mafundi wa Moshi wanaohudumia pikapu zinazopandisha mbolea na kushusha ndizi kati ya Rombo, Marangu na Kibosho, swali moja huzuka karibu kila giaboksi ya pikapu mpya ya dizeli inaposhushwa. Flaiwili iliyochoka, yaani lile gurudumu zito la chuma lililo kati ya injini na klachi, ni ya vipande viwili, nayo ni ghali. Je, inunuliwe nyingine kama hiyo, au ifungwe ya kipande kimoja ili mwenye gari apumue? Majibu yanayotolewa yana nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo inayoyapa nguvu ya kuaminiwa.

Dhana: flaiwili ya vipande viwili ni ujanja wa viwanda wa kuuza spea

Injini ya dizeli haizunguki kwa nguvu iliyo sawa wakati wote. Kila silinda huwaka mara moja katika mizunguko miwili ya krenki, yaani shafti kuu ya injini, kwa hiyo injini ya silinda nne husukuma mara mbili tu katika kila mzunguko, na kati ya msukumo mmoja na unaofuata kasi hupungua kidogo kisha huongezeka ghafla. Kwa kuwa dizeli huwashwa na joto la hewa iliyobanwa sana, misukumo hiyo ni mizito kuliko ya petroli. Flaiwili ya aina yoyote huhifadhi nguvu ya mzunguko na hivyo kuilainisha misukumo hiyo, lakini uzito peke yake haumalizi mtikisiko, na unaobaki hupita kwenye klachi na kuingia kwenye giaboksi.

Katika mfumo wa zamani, mtikisiko huo hupunguzwa na springi fupi zilizo katikati ya pleti ya klachi. Katika flaiwili ya vipande viwili, ambayo kampuni ya LuK ya Ujerumani ilianza kuitengeneza kwa ajili ya magari ya kuuzwa mwaka 1985, kazi hiyo imehamishiwa kwenye flaiwili yenyewe: kipande cha kwanza hufungwa kwenye krenki, cha pili hubeba klachi, na kati yake kuna springi ndefu zilizopinda, zikilala ndani ya grisi. Kila mfumo wa injini na giaboksi una kasi fulani ambayo mtikisiko wake hujikuza wenyewe hadi gari zima likatetemeka. Kwa pleti yenye springi peke yake, kasi hiyo huangukia mahali ambapo dereva huendesha kila siku. Kwa flaiwili ya vipande viwili, hushushwa hadi chini ya silensa, yaani kasi ya injini inayozunguka bila kukanyagwa mafuta, ambako injini hupita kwa muda mfupi tu inapowashwa na inapozimwa. Huo si ujanja wa biashara. Ni kazi halisi, na ukiiondoa flaiwili hiyo, kazi yenyewe haiondoki. Lazima apatikane wa kuibeba.

Dhana: Land Cruiser za zamani hazikuwa nayo, kwa hiyo hakuna gari linaloihitaji

Ni kweli kwamba Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, ambayo watalii wengi wameijua kwa kupelekwa nayo Ngorongoro na Serengeti, hutumia flaiwili ya kipande kimoja na hudumu miaka mingi. Lakini tazama injini yenyewe. Ni ya lita 4.2, ina silinda sita, haina tabo, na nguvu yake ya kusokota ni takriban Nm 285 (nyutonimita, kipimo cha nguvu hiyo). Linganisha na injini ya YD25 ya Nissan Navara D40: lita 2.5, silinda nne, tabo, na takriban Nm 403. Ukigawa kwa idadi ya silinda, kila silinda ya 1HZ inachangia takriban Nm 47, na kila silinda ya Navara takriban Nm 100, tena misukumo ya Navara imeachana zaidi kwa sababu ni miwili katika kila mzunguko badala ya mitatu. Giaboksi ya pikapu hiyo inapokea mapigo mazito zaidi ya mara mbili. Anayesema kwamba kilichoitosha 1HZ kitaitosha kila dizeli hajazitazama tarakimu hizi, na nadhani hapa ndipo mjadala mzima wa gereji unapopotea njia.

Malori makubwa nayo hutajwa kama ushahidi. Mengi yake yana flaiwili ya kipande kimoja, ndiyo, lakini yana silinda sita, krenki nzito, flaiwili nzito, pleti zenye springi imara na giaboksi zilizojengwa kwa kazi hiyo tangu mwanzo.

Dhana: anayebeba mzigo lazima aondoe flaiwili ya vipande viwili, kwa sababu ni dhaifu

Flaiwili hii haiuawi na mzigo ulio ndani ya kiwango cha gari. Huuawa na namna mzigo unavyovutwa. Dereva anayepandisha ukingo wa Bonde la Ufa kutoka Mto wa Mbu kuelekea Karatu akiwa na gia ya nne, mafuta yamekanyagwa hadi chini na injini inanguruma kwa taabu kwenye mizunguko michache, huzibana springi hadi mwisho wa nafasi yake, na kila msukumo wa silinda hugeuka kuwa nyundo ya chuma kwa chuma. Akishusha gia moja mapema na kuiacha injini izunguke kwa wepesi, mzigo uleule hupanda bila madhara hayo. Kuondoka kwenye mlima kwa kuitelezesha klachi muda mrefu nako huchemsha kipande cha pili na kuiharibu grisi.

Kuna wauaji wengine wasiohusiana na mzigo hata kidogo. Betri iliyochoka au stata dhaifu huizungusha injini polepole, na hivyo kuikalisha flaiwili katika ile kasi mbaya iliyo chini ya silensa ambayo ilipaswa kuivuka kwa haraka. Noza isiyomwaga mafuta sawa na wenzake huleta mapigo yasiyolingana. Gari la kusukumwa kila asubuhi hupata yote mawili, na juu yake mshtuko wa klachi inayoachiwa ghafla. Kwa maoni yangu, anayefunga flaiwili mpya ya bei kubwa kabla ya kupima noza na betri anazitupa fedha zake.

Kwa upande mwingine, wapo wenye sababu ya kweli ya kuhama. Nchini Marekani, wamiliki wengi wa pikapu za Ram zenye injini ya Cummins na giaboksi ya G56, iliyoanza kufungwa mwaka 2005, huiondoa flaiwili ya vipande viwili, hasa baada ya kuiongeza injini nguvu kupita ile iliyotoka nayo kiwandani. Springi zilizopimwa kwa nguvu fulani haziwezi kuhimili nguvu nyingine. Malipo yao ni kelele: G56 yenye ganda la alumini hutoa sauti ya kugongana kwa gia ambayo haikuwapo awali. Wanaijua, na wanaikubali.

Dhana: unatoa moja, unafunga nyingine, kazi imekwisha

Hili ndilo kosa linalonisikitisha zaidi, kwa sababu hufanywa kwa nia njema ya kumpunguzia mteja gharama. Kwa kuwa springi za kuzuia mtikisiko zimo ndani ya flaiwili ya vipande viwili, pleti ya klachi inayoambatana nayo kwa kawaida ni kavu, haina springi katikati. Fundi akifunga flaiwili ya kipande kimoja na kuirudisha pleti ileile, au akanunua mpya ya namba ileile, gari litakuwa halina kizuizi chochote cha mtikisiko kati ya krenki na giaboksi. Litawaka, litatembea, na mwenye gari atashukuru kwa wiki kadhaa, huku meno ya gia, sinkronaiza (vipande vinavyolainisha uingiaji wa gia) na beringi zikipigwa kila sekunde. Anayetaka kuhakikisha aishike pleti mkononi kabla haijafungwa: kama hakuna madirisha yenye springi kuzunguka kitovu chake, hiyo si ya flaiwili ya kipande kimoja.

Presha pleti (inayoibana pleti ya klachi kwenye flaiwili), unene wa flaiwili na kimo cha rilizi beringi (inayoiachia klachi unapoikanyaga) navyo lazima vilingane, la sivyo klachi itakata juu mno au chini mno. Ndiyo maana Valeo ya Ufaransa huuza vifaa vya kuhamia flaiwili ya kipande kimoja vikiwa seti: flaiwili, pleti yenye springi za mwendo mrefu, presha pleti na beringi. LuK, kinyume chake, haipendekezi kuhama kabisa. Watengenezaji wawili wenye heshima wanatofautiana, na tofauti hiyo inamwambia mnunuzi kwamba seti iliyopimwa kwa gari lake ni uamuzi unaoweza kutetewa, hasa kwa pikapu ya shamba inayofanya kazi kwa gia ndogo na ambayo mwenyewe hajali kelele. Ila kuchanganya vipande kutoka maduka matatu hakuna mtengenezaji anayekutetea.

Dhana: kelele yoyote ni flaiwili

Washa injini, iache kwenye silensa, kisha kanyaga klachi hadi mwisho. Kelele ikipotea, inatoka ndani ya giaboksi, kwenye gia zinazozunguka bila kazi au beringi ya shafti ya kuingilia. Flaiwili ya vipande viwili iliyochoka hujitangaza zaidi wakati wa kuwasha na kuzima, kwa mgongano mzito wa chuma. Mauntini za injini zilizokatika huiga sauti hiyo vizuri sana, nazo ni nafuu kuliko chochote kilichotajwa hapa.

Giaboksi ikishashushwa, kipimo hakihitaji kubahatisha. Fundi hukishika kipande cha pili kwa mikono miwili, hukizungusha upande mmoja hadi ahisi springi zinakataa, hukiachia kirudi, huweka alama kwenye meno ya ringi gia, kisha hurudia upande wa pili na kuhesabu meno yaliyopita. Halafu hukitikisa mbele na nyuma kupima mlegeo. Mtengenezaji ametoa kikomo cha vipimo vyote viwili kwa kila namba ya flaiwili, kwa hiyo kuchezacheza kwa kipande hicho, ambako huwashtua wengi, si ugonjwa, kimeumbwa kicheze. Grisi kidogo pembeni si kifo, lakini grisi iliyotapakaa ndani ya nyumba ya klachi, nyufa, au rangi ya bluu ya chuma kilichoungua ni sababu tosha ya kuibadilisha.

Dhana: inakerezwa au inachomelewa na kurudi kazini

Flaiwili ya kipande kimoja hukerezwa, mradi unene usishuke chini ya kiwango. Ile ya vipande viwili watengenezaji wengi hawaruhusu ikerezwe, na kuiosha kwa petroli au maji ya presha huingiza uchafu penye grisi. Kuichomelea ili vipande viwe kimoja ni hatari ya wazi: welding hupindisha chuma na kuharibu mizani ya kitu kinachozunguka maelfu ya mara kwa dakika, karibu na miguu ya dereva, tena pleti iliyopo bado ni ile isiyo na springi.

Anayenunua iliyotumika aipime kwa mikono hapo hapo dukani kama ilivyoelezwa, na aende na namba ya chesisi, kwa kuwa pikapu mbili za jina moja zinaweza kuwa na flaiwili tofauti. Boliti zinazoifunga flaiwili ya vipande viwili kwenye krenki mara nyingi ni za kuvutika, hutumika mara moja tu. Ziongezwe kwenye orodha ya manunuzi kabla giaboksi haijashushwa.