Uzito uko sawa, kitambi je? Maswali na majibu

Nina urefu wa sentimita 170 na kilo 70. Kliniki wameniambia uzito wangu ni wa kawaida, ila nina kitambi. Kuna shida?

Inawezekana ipo, kwa hiyo usikipuuze. Hesabu uliyofanyiwa, ile ya BMI (kilo zako kugawa kwa urefu wako kwa mita, kisha kugawa tena kwa urefu huohuo), ilikupa 24.2, na uzito uliozidi huanzia 25. Lakini hesabu hiyo haijui mafuta yamekaa wapi. Ya mapajani na makalioni hukaa chini ya ngozi, na mengi hayasumbui. Ya ndani ya tumbo hujazana kati ya matumbo na kulizunguka ini, na huko hayatulii: huachia asidi za mafuta kwenye damu inayoingia moja kwa moja kwenye ini. Insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, ikazidiwa, sukari ikapanda, presha nayo ikafuata. Daktari Mfaransa Jean Vague alikwisha kuitofautisha minenepo hii miwili mwaka 1947, na bado tunasifia kitambi kuwa ni dalili ya neema!

Nitajipimaje nyumbani?

Tafuta uzi usiovutika. Simama peku, mtu akupime kutoka utosini hadi kisiginoni, akate hapo. Ukunje katikati, kisha uzungushe kiunoni. Ncha zisipokutana, kiuno chako kimepita nusu ya urefu wako, na hiyo ni ishara ya kuchukua hatua. Kwako nusu hiyo ni sentimita 85.

Hata ukitumia futi ya fundi cherehani, pima katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, ukiwa umetoa pumzi kwa kawaida. Usivute tumbo ndani. Wala usitegemee saizi ya suruali: wenye kitambi wengi hufunga mkanda chini yake, saizi ikabaki ileile miaka yote huku tumbo likikua.

Namba za hatari ni zipi?

Kwa Shirika la Afya Duniani, hatari huanza kupanda kiuno kikizidi sentimita 94 kwa mwanaume na 80 kwa mwanamke. Kikipita 102 na 88, hatari imepanda sana. Mjamzito hapimwi hivi.

Mazoezi ya tumbo yataniondolea?

Yatakaza misuli tu. Mwili hauchagui kuchoma mafuta ya pale unapopafanyisha kazi. Tembea kwa kasi kila siku, punguza soda na vyakula vya kukaanga. Kiuno kinaweza kupungua hata mizani haijasogea, kwa hiyo rudia uzi wako kila mwezi. Na kama leo ncha hazikukutana, kapime sukari na presha wiki hii, hata kama hujisikii vibaya.