Saini ya FAFSA haiazimwi

Msimu wa kuomba vyuo Marekani, familia nyingi zetu hukaa mezani na simu moja na kijana mmoja anayekielewa Kiingereza, kujaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa serikali wa kulipia chuo. Kijana anajaza sehemu yake, kisha anamsainia na mama kwa akaunti ileile. Fomu inakwama. Na haya ndiyo tunayoambizana:

“FAFSA ni ya familia, FSA ID moja inatosha.” Haitoshi. FSA ID ni jina la mtumiaji na nenosiri, vinafunguliwa kwenye studentaid.gov, na kisheria ni sawa na saini ya kalamu. Mwana ana yake, mzazi ana yake. Barua pepe au namba ya simu iliyoshika akaunti moja haishiki ya pili, kwa hiyo mama asiye na barua pepe afunguliwe yake kwanza.

“Mzazi hana namba ya Social Security (namba ya utambulisho ya serikali ya Marekani), basi hawezi.” Anaweza, tangu fomu ya mwaka wa masomo 2024–25. Na hadhi yake ya uhamiaji haimnyimi mtoto msaada; inayoangaliwa ni ya mwanafunzi.

“Fomu imenikataa, basi sistahili.” Hapa ndipo watu wengi hukata tamaa bure. Mara nyingi kilichokataliwa ni jina, halilingani na lililoko Social Security. Mtu wa Kongo ana majina matatu, na aliyeandika karatasi zake kwenye kambi ya wakimbizi au uwanja wa ndege aliyapanga alivyoelewa yeye. Wengine waliandikiwa wamezaliwa tarehe 1 Januari. Weka kadi ya Social Security kando ya simu, unakili jina herufi kwa herufi kama lilivyo pale, hata kama sivyo unavyoitwa nyumbani. Tarehe nayo iwe ile waliyo nayo Social Security. Kama wao ndio wamekosea, karekebishe ofisini kwao. Usibahatishe kwenye fomu.

“Mzazi akisaini amebeba deni.” Hapana. FAFSA ni maombi tu. Mkopo wa mzazi, Parent PLUS, una maombi yake na mkataba wake.

Lakini sikilizeni vizuri: FSA ID hiyohiyo ndiyo inayosaini mkataba wa mkopo wa mwanafunzi. Anayeishika anaweza kukopa kwa jina lako. Ndiyo maana nasisitiza, binamu, mchungaji, hata mtu wa shule anayekusaidia kwa moyo safi, akae pembeni yako akuelekeze. Nenosiri uliandike wewe. Akitokea wa kudai dola ili akufungulie, mkatalie. Akaunti ni bure, na fomu ni bure.

“Kila mwaka unafungua mpya.” Hufungui. Ile PIN ya tarakimu nne iliyotumika zamani kusaini iliondolewa Mei 2015, na FSA ID unabaki nayo miaka yote. Ukisahau nenosiri, libadilishe kupitia barua pepe yako, na isiwe ya shule: ya shule inaweza kufungwa ukimaliza, na mkopo bado unaulipa.