Ulinganifu wa domeini kwenye barua pepe ni nini?

Kila barua pepe husafiri na anwani mbili za mtumaji. Moja unaiona kwenye mstari wa "Kutoka". Nyingine ni ya bahasha: seva huambizana zenyewe kwa zenyewe, na barua isipofika hurudishwa huko. Itifaki ya SMTP, inayosafirisha barua pepe tangu 1982, haijawahi kudai zifanane, na matapeli wanajua hilo.

SPF hukagua kama seva iliyoleta barua imeruhusiwa na domeini ya bahasha, yaani jina linalofuata @ kwenye anwani. DKIM hukagua sahihi iliyotiwa kwenye barua, nayo hutaja domeini yake. Hakuna kati ya hizo inayotazama jina analolisoma mpokeaji. Hivyo tapeli husajili domeini yake, akaiwekea SPF na DKIM safi kabisa, kisha kwenye "Kutoka" akaandika benki yako. Ukifungua vichwa vya barua hiyo, yaani taarifa zake za kiufundi, utakuta:

spf=pass smtp.mailfrom=tapeli.example
dkim=pass header.d=tapeli.example
dmarc=fail header.from=benki.example

Mistari miwili ya juu ni kweli tupu: barua imetoka kwa tapeli.example. Wa tatu ndio unaouliza kama domeini iliyothibitishwa ndiyo anayoiona msomaji. Huo ndio ulinganifu, na ndio kiini cha DMARC, kanuni inayounganisha SPF na DKIM na jina la kwenye "Kutoka", iliyochapishwa kama RFC 7489 mwaka 2015. Inatosha SPF au DKIM, mojawapo, ipite na ilingane.

Usipobainisha, ulinganifu huwa wa kulegea: habari.mfano.co.tz hukubalika kwa mfano.co.tz. Ule mkali hutaka domeini ile ile, bila nyongeza. Mwisho wa .co.tz peke yake hauhesabiki, la sivyo kampuni yoyote ingejifanya nyingine.

Wanaonisikitisha ni wafanyabiashara halali wanaotuma risiti kupitia kampuni ya huduma za barua pepe. Bahasha ni ya kampuni hiyo, SPF inapita, ila hailingani, na risiti inaishia kwenye spamu. Washa DKIM kwa domeini yako mwenyewe kwanza. Barua ikipelekwa mbele kwenye sanduku jingine, SPF kwa kawaida huvunjika, lakini sahihi hudumu mradi barua haijabadilishwa. Kisha kwenye rekodi ya DMARC ya domeini yako weka p=none (tazama tu, usizuie), usome ripoti zinazotumwa na wapokeaji mpaka uwajue wote wanaotuma kwa jina lako, ndipo upande hadi p=reject (kataa barua isiyolingana). Tangu Februari 2024, Gmail inadai DMARC na ulinganifu kwa wanaotuma barua zaidi ya 5,000 kwa siku kwenye akaunti zake.