Kumuuguza Mzazi Mwenye Ugonjwa wa Alzheimer: Msaada Unapatikana Wapi Tanzania?

Tumeambiwa mama ana ugonjwa wa Alzheimer, ule wa ubongo unaopoteza kumbukumbu na uelewa polepole. Twende ofisi gani kutafuta msaada?

Hakuna ofisi moja inayoshughulikia yote. Msaada anaouhitaji mgonjwa huyu, pamoja na yule anayemuuguza, umetawanyika katika ofisi zilizoanzishwa kwa shughuli nyingine: kliniki ya afya ya akili, ustawi wa jamii, dirisha la wazee hospitalini, serikali ya mtaa au kijiji, mahakama na jumuiya za dini. Kila moja hutoa kipande chake, na ni nadra mhudumu wa ofisi moja kukueleza kilichopo kwenye ofisi ya pili. Kwa hiyo anayeuguza ndiye analazimika kujua aombe nini, amwombe nani, na aende na karatasi gani mkononi.

Kwa nini tuanzie hospitali, ikiwa ugonjwa wenyewe hauponi?

Kwa sababu si kila mzee anayesahau ana Alzheimer. Upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo isiyofanya kazi sawasawa, sonona, kaswende iliyokaa muda mrefu bila tiba, VVU, na damu iliyovilia ndani ya fuvu baada ya kuanguka, vyote vinaweza kuvuruga kumbukumbu, na baadhi yake vinatibika. Alzheimer huingia polepole, kwa miezi na miaka. Mzee aliyechanganyikiwa ghafla, ndani ya siku mbili tatu, apelekwe hospitali bila kusubiri, maana mara nyingi chanzo huwa ni maambukizi kama ya mapafu au ya njia ya mkojo, au dawa alizokuwa akitumia, na hali hiyo inaweza kumpata hata mtu ambaye tayari ana Alzheimer.

Njia ya kawaida ni kuanzia zahanati au kituo cha afya, kupewa rufaa hadi hospitali ya wilaya au ya rufaa ya mkoa, na kuomba kuonwa kwenye kliniki ya afya ya akili. Hali ikiwa ngumu kueleweka, mgonjwa huweza kupelekwa hospitali kubwa kama KCMC mjini Moshi, Bugando jijini Mwanza, Muhimbili jijini Dar es Salaam, au Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe iliyopo Dodoma. Familia nyingi husita hapa, kwa kuona aibu mzazi wao apange foleni moja na watu wanaoitwa vichaa. Aibu hiyo hugharimu miaka, na miaka ya mwanzo ndiyo ambayo mgonjwa mwenyewe bado anaweza kusema anataka atunzwe vipi na mali yake isimamiwe na nani.

Siku ya kumwona daktari, beba dawa zote anazotumia, zikiwemo za miti shamba, na maelezo mafupi ya mabadiliko uliyoyaona na yalianza lini. Kabla ya kuondoka, omba taarifa ya maandishi yenye jina la ugonjwa, tarehe, saini na mhuri, kisha itoe nakala kadhaa. Bila karatasi hiyo, kila ofisi utakayoingia baadaye itakusikiliza kwa huruma na kukuomba urudi siku nyingine.

Je, hospitali ina cha kutupa zaidi ya vidonge?

Kipo, ingawa mara nyingi lazima ukiulizie. Dawa kama donepezili na memantini huwapunguzia baadhi ya wagonjwa dalili kwa kipindi fulani, lakini hazizuii ugonjwa kuendelea, na ni vyema kuulizia bei katika maduka kadhaa ya dawa kabla ya kuanza matibabu ambayo mtashindwa kuyaendeleza.

Wilaya ya Hai mkoani Kilimanjaro ni miongoni mwa maeneo ya Afrika ambako demensia, yaani kundi la magonjwa ambalo Alzheimer ndiyo kubwa kuliko mengine, imechunguzwa kwa kina. Utafiti wa huko ulikuta asilimia 6.4 ya watu wenye miaka 70 na zaidi wana hali hiyo, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa na mhudumu yeyote wa afya. Huko huko ilijaribiwa tiba ya kuchangamsha akili, ambamo wagonjwa hukutana katika kikundi kwa vikao 14 vya mazungumzo, nyimbo, michezo na kukumbuka mambo ya zamani, na uwezo wao wa kufikiri ulionekana kunufaika. Uliza kama hospitali yako ina mtaalamu wa tiba kwa vitendo. Huyu huweza kukuonyesha namna ya kumvisha na kumlisha mgonjwa bila kugombana naye, namna ya kupanga chumba asijikwae, na kazi anazoweza kuendelea kuzifanya, kama kuchambua mchele, kusuka ukili au kukunja nguo. Muziki wa enzi za ujana wake husaidia zaidi kuliko mtihani wa kila siku wa "huyu ni nani, unamkumbuka?", ambao humwacha amefedheheka.

Afisa ustawi wa jamii atanisaidia nini?

Huyu ndiye mtumishi ambaye familia humsahau kuliko wote, na kwa maoni yangu ndiye wa kumtafuta mara tu baada ya daktari. Hospitali kubwa zina ofisi yake ndani, na kila halmashauri ina idara yake. Humtambua mzee anayestahili msamaha wa gharama za matibabu, huandika barua za utambulisho kwenda ofisi nyingine, husuluhisha ndugu wanaotupiana mzigo, na hushughulikia taarifa za mzee anayepigwa, kufungiwa ndani au kunyang'anywa mali. Nenda na taarifa ya daktari, kitambulisho cha taifa cha mgonjwa na barua ya serikali ya mtaa. Ueleze pia hali yako wewe unayeuguza: kama umeacha kazi, kama unalea watoto wadogo, kama una presha. Ukizungumzia mgonjwa peke yake, msaada utapangwa kana kwamba wewe hupo.

Gharama zinatuelemea. Kuna nafuu gani?

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa mtu mwenye umri wa miaka 60 na zaidi, na inaelekeza kwamba mzee asiyejiweza atibiwe bila malipo katika vituo vya serikali. Utambuzi huanzia kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji, kisha hupelekwa halmashauri, ambako hutolewa kitambulisho cha matibabu. Kitambulisho hicho huondoa malipo ya kumwona daktari, lakini hakiwezi kuleta dawa isiyokuwepo stoo, na dawa za ugonjwa huu mara nyingi hazipo, kwa hiyo familia isiache kuweka akiba pembeni.

Mtoto aliyeajiriwa na anayechangia Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, anaweza kumwandikisha mzazi au mkwe miongoni mwa wategemezi wake. Hili liamuliwe mapema katika kikao cha ndugu, kwani nafasi za wategemezi zina kikomo. Kwa upande wa Zanzibar, tangu mwaka 2016 serikali hulipa Pensheni Jamii kwa wakaazi wenye umri wa miaka 70 na zaidi, hata wale ambao hawakuwahi kuajiriwa. Mzee ambaye hajaandikishwa aulizwe habari zake kwa sheha.

Nimechoka. Nani atanipokea mgonjwa angalau nipumzike?

Vituo vya kumpokea mgonjwa asubuhi na kumrudisha jioni si huduma ya kutegemea kuikuta katika halmashauri nyingi, hivyo mapumziko yako yatatoka kwa watu. Hapa ndipo familia nyingi hukwama, kwa sababu ombi la jumla hupata jibu la jumla. Ukisema katika kundi la ukoo la WhatsApp kwamba umechoka, utapewa pole nyingi na aya za faraja. Ukisema kwamba unahitaji mtu wa kukaa na baba kila Jumamosi kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, itabidi mtu ajibu anaweza au hawezi.

Itisheni kikao, na ikiwezekana awepo mtu ambaye ukoo unamheshimu, kama mjomba, shangazi, shehe au mchungaji. Gaweni kazi kwa majina: nani anampeleka kliniki, nani analipa mshahara wa dada wa kazi, nani ananunua pampasi za watu wazima na dawa, nani analala naye usiku mara moja kwa wiki. Ndugu aliye mbali asiishie kutuma fedha na maelekezo ya simu. Aje akae naye wiki nzima, na baada ya hapo maelekezo yake kwa kawaida hupungua.

Nje ya ukoo, jumuiya ndogo ndogo za kanisani, akina mama wa msikitini na wanakikoba wenzako wamezoea kusimama na mtu kwenye msiba. Wengi wangesimama nawe kabla ya msiba kama wangejua cha kufanya. Mweleze pia mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa eneo lako, ili akupitie mara kwa mara. Na ukiona usingizi umepotea, unalia bila sababu, unamkaripia mgonjwa au unafikiria kumdhuru yeye au wewe mwenyewe, nenda kliniki ile ile ya afya ya akili ukatibiwe wewe mwenyewe. Kituo cha simu cha Wizara ya Afya, namba 199, hupokea maswali ya afya bila malipo.

Majirani wanasema amerogwa, wengine wanasema yeye ndiye mchawi. Tufanyeje?

Msilichukulie kama porojo. Katika baadhi ya maeneo, hasa Kanda ya Ziwa, wanawake wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na mzee anayetoka nje usiku, anayeongea peke yake au anayeingia nyumba isiyo yake hujikuta katika hatari hiyo. Mweleze mapema mwenyekiti wa mtaa au kijiji, mkiwa na taarifa ya daktari, na mumwombe aeleze jambo hilo kwenye mkutano wa hadhara. Vitisho viripotiwe polisi siku hiyo hiyo. Maombi na dua havina ubaya, ila anayedai malipo makubwa ili amponye, anayeagiza dawa za hospitali ziachwe, au anayetaka mgonjwa afungwe kamba, aepukwe.

Fedha na mali zake tuzilinde vipi?

Mapema, wakati bado anaelewa anachosaini, kwa sababu hati iliyosainiwa na mtu asiyeelewa ni chanzo cha kesi. Kama uelewa umeshapotea, familia hulazimika kwenda mahakamani kuomba msimamizi wa mali zake. Wasio na uwezo wa kumlipa wakili watafute huduma zinazotolewa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, wakiwemo wasaidizi wa kisheria waliopo wilayani. Mstaafu anayelipwa na PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, asisahauliwe wakati wa uhakiki wa wastaafu. Namba ya siri ya simu ya mgonjwa isijulikane na kila mtu nyumbani, na ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" uripotiwe kwa kuutuma kwenda namba 15040, kwani wenye ugonjwa huu hutapeliwa kirahisi.

Sisi tupo Kenya. Je, hali ni hiyo hiyo?

Ninyi mna chama cha wagonjwa na familia zao, Alzheimer's and Dementia Organisation Kenya, chenye vikundi vya wauguzaji vya kusaidiana. Mpango wa Inua Jamii huwalipa wazee walioandikishwa wenye miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi, na bima ya afya tangu Oktoba 2024 ipo chini ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF ya Kenya.

Je, tunaweza kumpeleka kwenye makazi ya wazee?

Makazi ya serikali, kama Nunge iliyopo Kigamboni na Kolandoto mkoani Shinyanga, au Sebleni na Welezo kwa Unguja, yapo kwa ajili ya wazee wasio na ndugu wala uwezo wa kujitunza, na mzee huingia kwa kupitia ustawi wa jamii baada ya hali yake kuchunguzwa. Mzee mwenye watoto hatarajiwi kupokelewa huko. Kama mnafikiria nyumba ya watu binafsi au ya shirika la dini, nendeni bila kutoa taarifa, wakati wa chakula cha jioni, muulize ni wahudumu wangapi wanaolala hapo usiku, mlango hufungwa vipi kwa mgonjwa anayependa kutoka, nani huwageuza wasiotoka kitandani ili wasipate vidonda, na daktari huja siku gani.